Frank na Dada Zake

Moshi ya mwaka 1927 ilikuwa mji wa reli na kahawa. Treni ya kutoka Tanga ilifika tangu enzi za Mjerumani, mwaka 1911, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaleta reli nyingine kutoka Voi, hivyo mtu wa Moshi aliweza kupanda behewa na kushuka Mombasa. Juu mlimani Wachagga walikuwa wameshaanza kupanda arabika kwenye vihamba vyao, chini ya kivuli cha migomba. Walowezi wa Kizungu hawakupenda kumwona Mwafrika akilima zao walilolitaka liwe lao peke yao, na wakulima wakajibu mwaka 1925 kwa kuunda chama, KNPA, chini ya Joseph Merinyo. Ugomvi wa kahawa ulikuwa bado mbichi alipozaliwa mtoto aliyeitwa Frank Humplick. Baba yake alikuwa Mzungu, mama yake Mchagga.

Tanganyika ya wakati huo haikuwa na mahali rahisi pa kumweka mtoto kama huyo. Kila kitu kilipangwa kwa rangi: hospitali, shule, mabehewa ya treni, mishahara, hata kiti cha kukaa ukisubiri kuitwa ofisini. Mzungu juu, Mhindi na Mwarabu katikati, Mwafrika chini. Chotara alikuwa anaulizwa kila siku yuko upande gani, na mara nyingi alijibiwa kabla hajafungua mdomo. Nalitaja hili mapema kwa sababu litarudi tutakapofika kwenye wimbo wake mmoja uliowaudhi watawala, na kwa sababu kuna jambo la kushangaza katika nyimbo zake nyingine zote: hakuna hata chembe ya mtu anayelalamika kwamba hana kwao. Zimejaa kwao. Aliimba Kichagga na Kiswahili, akaimba mapenzi, harusi na shida za kawaida za watu wa kawaida, kama mtu aliyekaa barazani kwake.

Na hakuimba peke yake. Waliosimama naye mbele ya kinasa sauti walikuwa dada zake wawili, Thecla Clara na Maria Regina. Frank alipiga gitaa, na wote watatu waliimba.

Anayetaka kujua sauti zile zilitoka wapi aanze na kanisa. Mlima Kilimanjaro ulikuwa umegawanywa kati ya Walutheri na Wakatoliki tangu miaka ya 1890. Misheni ya Kilema ilianza mwaka 1890, Kibosho ikafuata. Kizazi cha Frank kilikua kikisikia watu wakiimba kwa sauti kadhaa kwa pamoja kila Jumapili, na mtoto wa Kichagga alijifunza kushika sauti ya pili kabla ya kujua kuandika vizuri. Ukisikiliza santuri za Frank na dada zake unausikia ujuzi huo mara moja. Dada hawamwitikii tu kaka yao, kama ilivyo katika nyimbo nyingi za wakati ule ambamo kiongozi anatoa na wengine wanapokea. Wanakwenda naye sambamba, neno kwa neno, kila mmoja kwenye ngazi yake, na wanapumua mahali pamoja. Ndugu waliokua nyumba moja hutamka irabu zao kwa namna moja, na ndiyo maana sauti zao hushikana kuliko za watu waliokutanishwa na mwalimu wa kwaya.

Lakini kwaya haimfundishi mtu kupiga gitaa namna ile. Hilo lilikuja kwa gramafoni na kwa vita. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilikuwa inauza Afrika santuri za Kikuba zenye herufi GV, na ndizo zilizoieneza rumba kutoka Dakar hadi Dar es Salaam. Pamoja nazo zilikuja nyimbo za wachunga ng'ombe wa Marekani. Huko Kenya, kati ya Wakipsigis, mwimbaji wa Kimarekani Jimmie Rodgers aligeuka kuwa kiumbe wa ajabu aliyetajwa katika nyimbo zao kwa jina la Chemirocha, na Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyezunguka Afrika na mitambo yake ya kunasa sauti, aliurekodi wimbo huo mwaka 1950. Mwaka huohuo alipita Tanganyika. Halafu kuna askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliorudi kutoka Burma baada ya Vita Kuu ya Pili. Fundi Konde wa Pwani ya Kenya alikuwa mmoja wao; Ally Sykes wa Dar es Salaam mwingine. Walirudi na gitaa, na masikio yaliyozoea bendi za jeshi. Kufikia mwaka 1950 gitaa kavu, lile ambalo wengi walikuja kuliita galatoni, lilikuwa chombo cha kijana wa mjini aliyesoma kidogo, mwenye suruali iliyonyooshwa na pasi ya makaa.

Frank alikuwa na miaka 23 hivi. Kumbuka pia kwamba mlimani kulikuwa na pesa. KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichochukua nafasi ya KNPA mwaka 1933, kilikuwa kinauza kahawa ya wakulima kwa bei ambazo hazijawahi kuonekana. Mabati yalikuwa yanachukua nafasi ya nyasi, shule zilikuwa zinajengwa, na mwaka 1952 Wachagga walimsimika Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu wa mlima mzima. Mkulima aliyepata malipo yake ya kahawa alinunua baiskeli, akanunua cherehani ya mke wake, na kama zilibaki, gramafoni. Haikuhitaji umeme. Ulizungusha mpini, ukabadilisha sindano, ukaweka santuri nzito nyeusi inayozunguka mara 78 kwa dakika, ukaomba Mungu mtoto asiikalie, maana ilivunjika kama sahani. Kila upande ulibeba dakika tatu hivi. Wimbo uliozidi hapo ulikatwa.

Hizo dakika tatu zilimfaa Frank kuliko wanamuziki wengi wa zama zake. Wanamuziki wa dansi walihitaji muda wa kuchemka. Yeye aliandika nyimbo fupi zilizojitosheleza: gitaa linafungua mlango, beti, kiitikio ambacho msikilizaji anakidaka mara ya kwanza, gitaa linapita tena peke yake, ubeti wa mwisho, kwisha. Gitaa lake halikimbii. Kidole gumba kinashika besi, vidole vingine vinachezea nyuzi za juu, na kati yake kuna nafasi ya kutosha sauti tatu kukaa bila kusukumana. Mlinganishe na Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Tracey alimrekodi huko Jadotville mwaka 1952. Bosco ni fundi wa vidole, unamsikiliza ukijiuliza ana mikono mingapi. Frank hakutaka uhesabu vidole vyake. Alitaka uimbe.

Biashara yenyewe ilikuwa Nairobi. Moja ya nembo za santuri ilikuwa Jambo. Assanand wa Mombasa alikuwa na nembo ya Mzuri. Na Peter Colmore, Mwingereza mwenye kelele nyingi na jicho la kibiashara, alikusanya wanamuziki kutoka kila upande, akiwatumia pia kutangaza bidhaa. Huyu Colmore ndiye baadaye aliyemleta Bosco Nairobi, na wakala wake Tanganyika alikuwa Ally Sykes, mwenye kadi namba 2 ya TANU, chama cha kudai uhuru. Katika dunia hiyo mwanamuziki alilipwa mara moja, akaweka sahihi, akarudi kwao. Santuri ikiuzwa mia au elfu hamsini, yeye hakuongezewa kitu. Watu wa siku hizi wanaosema wazee hawa walidhulumiwa wana haki ya kusema hivyo, ingawa wengi wao wakati ule walichotaka zaidi ni kusikika.

Walisikika. Redio ilikuwa imeanza. Kituo cha Dar es Salaam kilikuwa hewani tangu mwaka 1951. Frank na dada zake wakawa sauti za nyumbani Tanganyika na Kenya. Kichagga kiliwapa asili na Kiswahili kiliwapa soko. Hata mlimani penyewe Kichagga si kimoja: mtu wa Rombo akimsikiliza wa Machame anaweza kubaki ameshika nusu ya maneno, na mzaha wa Mvunjo haufiki Siha ukiwa mzima. Kiswahili chake kilikuwa chepesi, kisicho na maringo ya Pwani, Kiswahili cha bara cha mtu aliyekijua vizuri bila kutafuta vina vigumu. Mashairi yake mwalimu wa Lamu angeyasahihisha kwa kalamu nyekundu. Watu wakayapenda hivyohivyo.

Kuhusu dada zake lazima niseme jambo ambalo wengi hulipita. Kwenye karatasi ya katikati ya santuri waliandikwa kama dada wa mtu. Kaka ana jina. Wao wana udugu. Sasa fikiria mwanamke wa Afrika Mashariki kwenye santuri katika miaka hiyo. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 akavunja mwiko, na taarabu ikaendelea kuwa na wanawake. Lakini kwenye muziki wa gitaa wa bara, wanawake walikuwa wachache mno. Gitaa na wapiga gitaa walihusishwa na vilabu vya pombe, na binti wa familia inayokwenda kanisani hakutegemewa huko. Nadhani udugu ndio uliowafungulia njia. Binti akiimba na kaka yake, nani atasema neno? Hivyo Thecla Clara na Maria Regina wakapita mlango ambao wengine walifungiwa. Ondoa sauti zao kwenye nyimbo zile na kinachobaki ni kijana hodari mwenye gitaa, na hao walikuwa wengi.

Katika nyimbo zao, mbili zimekataa kufa. Ya kwanza ni "Chaupele Mpenzi", wimbo wa mapenzi ambao umeimbwa na kurudiwa na wapiga zilipendwa wa nchi mbili hadi Wakenya wengi wanaamini ni wao. Ya pili ni "Harusi".

Nenda kwenye sherehe yoyote Moshi mjini mwezi Desemba, Wachagga wanapokuwa wamerudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, na magari yamejaa hadi barabara za Kiboriloni hazipitiki. Mchana matarumbeta yamepita mjini yakiwa juu ya pikapu, yakimpigia bibi harusi honi ya shaba. Jioni ukumbini mshereheshaji ameshika maikrofoni, mapambo yamefanana hadi vitambaa vya viti. Inaingia ndafu: mbuzi mzima aliyechomwa, amesimamishwa kwenye meza ya magurudumu, majani mdomoni, wanaume wa ukoo wakimsindikiza kwa kucheza. Bibi harusi na bwana harusi wanakata nyama, wanawapelekea wazazi, wajomba na mashangazi wakiitwa kwa mpangilio ambao ukikosewa utasemwa hadi Pasaka. Muziki wa kazi hiyo unabadilika kila msimu. Bongo Fleva inakuja na kupita, kwaito ilipita, amapiano imefika. Lakini usiku ukikolea na wazee wakitakiwa kuinuka, mpiga muziki mwenye akili anajua wapi pa kurudi, na zilipendwa za harusi zinaanza. Shangazi mwenye miaka 70 anaacha soda yake mezani. Wakati huo "Harusi" inaimbwa na watu ambao, ukiwauliza nani aliutunga, watakuambia ni wa zamani tu.

Jibu hilo ni sifa na ni msiba. Wimbo ukifika mahali unadhaniwa umekuwepo siku zote, mtunzi ameshinda na amepotea kwa pamoja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa ya Frank Humplick kuliko ule wimbo wa siasa uliompa heshima katika vitabu vya historia, ingawa huo nao hauwezi kurukwa.

Unajulikana kama "Yes No", na wengine huutaja kwa jina la "I am a Democrat". Miaka ya 1950 ilikuwa miaka ya TANU, iliyozaliwa Julai 7, 1954. Uingereza ilikuwa inapendekeza Tanganyika iwe nchi ya jamii tatu zenye uzito sawa serikalini, yaani Wazungu wachache wawe na sauti sawa na Waafrika milioni nane. Ukaja uchaguzi wa kura tatu, uliolazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, na TANU ikajadili kwa machozi Tabora, Januari 1958, kama ishiriki au isusie. Katika hewa hiyo, mtu wa damu mbili kutoka Moshi anaimba kwamba yeye ni mwanademokrasia. Mohamed Said, mwandishi wa kitabu cha maisha ya Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, na mtu aliyeifuatilia historia ya TANU kwa ukaidi wa kupendeza, ameeleza jinsi serikali ya kikoloni ilivyoupiga marufuku wimbo huo na kuzisaka santuri zake.

Kwa nini serikali yenye jeshi iogope dakika tatu za gitaa? Kwanza kwa sababu gazeti linasomwa na mmoja na santuri inasikilizwa na ukumbi mzima, wakiwemo wasiojua kusoma. Pili, na hapa naona ndipo pua yao ilipowasha, mwimbaji mwenyewe hakukaa kwenye kisanduku chochote kati ya vile vitatu. Mpango wa jamii tatu ulihitaji kila mtu awe na rangi moja inayojulikana. Frank Humplick alikuwa ushahidi unaotembea kwamba mpango huo ulikuwa hesabu ya uongo. Na kwa vile watu walishampenda kwa nyimbo za mapenzi na harusi, hakuhitaji kujitambulisha.

Uhuru ulikuja Desemba 9, 1961. Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kileleni mwa mlima ule ambao familia ya Humplick iliuona kila asubuhi isiyo na mawingu. Ungetegemea kwamba nchi mpya ingewabeba waimbaji kama hao mabegani. Haikuwa hivyo, na sidhani kulikuwa na njama. Ladha ilibadilika. Gitaa la umeme, saksofoni, bendi za watu kumi na mbili zilizoajiriwa na mashirika ya umma na vyama, jukwaa la Morogoro alikong'ara Salum Abdallah na Cuban Marimba hadi kifo chake mwaka 1965: hayo yaliwafanya watatu na gitaa lao kavu waonekane wa enzi iliyopita, na Frank hakuwa hata na miaka 40. Dansi likahamia Dar es Salaam. Moshi ikabaki mji wa kahawa, watalii na mahubiri. Kichekesho ni kwamba bendi maarufu zaidi iliyobeba jina la mlima, Kilimanjaro Band, Wana Njenje, asili yake ni Tanga.

Kusahaulika huko hakukuwa lazima. Miaka ileile Frank aliyokuwa anarekodi, upande wa pili wa dunia palikuwa na waimbaji wa aina yake: Mexico, waimbaji wa muziki wa mikoani, wa rancho na farasi, na wale watatu-watatu wa gitaa na sauti zinazoshikana, kama Trio Los Panchos iliyoanzishwa mwaka 1944. Pedro Infante aliimba nyimbo za wenyeji wa mashambani, na alipokufa kwa ajali ya ndege Aprili 1957, jiji la Mexico lilisimama. Tofauti haikuwa kipaji. Mexico ilikuwa na sinema zake, zilizoweka uso kwenye sauti, na ilikuwa na vyama vya wasanii vilivyojua kudai. Mchunga ng'ombe wa Jalisco alikwenda sinema akamwona mwimbaji wake akipanda farasi. Mkulima wa Marangu alikuwa na santuri tu, na santuri haina sura. Akivunja ile aliyokuwa nayo, mwimbaji naye aliondoka. Kwetu sheria ya hakimiliki yenye chombo cha kuisimamia, COSOTA, ilikuja mwaka 1999, wakati nyimbo hizi zilikuwa zimeshapigwa bure kwa takriban miaka 50.

Frank Humplick alifariki mwaka 2007, akiwa na miaka 80. Magazeti hayakufanya makubwa. Waliomlilia kwa jina ni wanamuziki wenzake na wale wachache wanaotunza habari za muziki wa zamani, akiwemo John Kitime. Na kama kawaida yetu, waliokuja kuzisafisha nyimbo zile na kuzitoa upya kwenye santuri walikuwa wageni: kampuni ndogo ya Marekani iliyokusanya rekodi za Frank na dada zake, na leo kijana wa Portland anaweza kununua sauti za Moshi ambazo kijana wa Majengo, Moshi, hajawahi kuzisikia zikitajwa kwa jina la mwenyewe. Sina ugomvi na waliozitoa. Walifanya kazi ambayo ilikuwa yetu. Ila mtu anayezinunua huko hajui ndafu, na anayekula ndafu hajui Frank.

Kazi iliyobaki haihitaji wizara. Kwenye nyumba za zamani za Kibosho, Marangu, Mwika na Machame bado kuna masanduku ya santuri darini, yaliyonunuliwa kwa pesa ya kahawa na babu ambaye hayupo tena. Kama lipo kwenu, usilipeleke kwa wauza vyuma chakavu na usiwape watoto wachezee. Zifute vumbi, zisimamishe wima zisipinde, mtafute mtu mwenye mashine ya kuzicheza, zinakiliwe kabla hazijapasuka. Na ukikuta karatasi ya katikati imeandika Frank na dada zake, chukua kalamu uandike kwenye jalada majina yote matatu: Frank Humplick, Thecla Clara, Maria Regina.